Punda Anayesikia

"Mama Nasma, hivi punda naye anasali?"

Jirani yangu Domitila aliniuliza hivyo nilipokuwa namfundisha punda wangu, Kunde. Kila asubuhi alikuwa ananisikia nyuma ya ua wake. Nikisema "Bismillah", Kunde anaondoka. Nikisema "Alhamdulillah", anasimama nimshushe mzigo. Fimbo hakuna. Nilimjibu kwamba hasali, ila anasikia, na wanaosikia ni wachache.

Basi, Jumamosi akaja Masoudi, mdogo wake marehemu mume wangu, kumwazima Kunde abebee ufuta kutoka Ruponda. Nikamwambia viroba viwili tu, kimoja kila upande. Matandiko ayakunje mara mbili yasimsugue mgongo. Jua likiwa kali ampumzishe.

"Na usimpige. Mtaje Mungu tu, atakwenda."

Akacheka. "Shemeji! Mimi ndiye ninayewaadhinia msikitini, leo unanifundisha kumtaja Mungu?"

Jumanne mchana akamrudisha. Kunde anachechemea, mgongoni kafunikwa gunia jipya. Gunia jipya la nini? Mimi mnyama simpi maji kabla sijampapasa. Nikalifunua. Jamani! Kidonda kipana kama kiganja, kibichi, nzi wamejaa. Mapajani alama za fimbo, juu ya alama nyingine.

"Umempakia viroba vingapi?"

"Vinne. Lakini punda wako mkaidi, shemeji. Hang'oi mguu mpaka umchape! Umemdekeza huyu. Mpake majivu hapo, Alhamisi namfuata tena, kuna mzigo umebaki."

"Hatoki hapa."

"Hatoki? Punda wa kaka yangu huyu!"

"Kaka yako alinikabidhi mimi, kwa mkono wake, akiwa hai. Domitila alikuwepo."

"Nilikuwepo," Domitila akasema kutoka kwenye kinu chake.

"Wanawake mmeshaelewana," Masoudi akasema. "Nimesema Alhamisi."

Nikayameza maneno niliyotaka kumtupia, maana nilikuwa na udhu. Nikaweka beseni la maji hatua sita mbele ya Kunde, nikamfungua kamba, nikasema polepole, "Bismillah."

Akainua masikio. Akaenda, na kidonda chake kile. Alipobakiza hatua mbili kufika kwenye maji, na kiu yote ya safari, nikasema, "Alhamdulillah."

Akasimama. Anayatazama maji, mdomo unamcheza, lakini kasimama.

Domitila akaacha kutwanga. "Mh! Huyo ndiye mkaidi?"

Nikamwambia Kunde Bismillah tena, upesi, anywe. Roho iliniuma kumzuia. Kisha nikamgeukia muadhini wetu.

"Masoudi," nikasema. Ushemeji niliuweka kando. "Toka Jumamosi mpaka leo, kwenda na kurudi, hukumtaja Mungu hata mara moja?"

Akaiangalia fimbo mkononi mwake. Akamwangalia Domitila. Mimi nikainama kuchochea moto, nichemshe maji ya chumvi ya kukiosha kile kidonda. Nikasikia fimbo imeanguka chini. Nilipoinua kichwa, Masoudi alikuwa ameshafika mlangoni pa ua, anatoka.