Msumari wa Wafu

Siku hiyo Bukavu ilikuwa imeua watu kumi na saba kabla ya saa nne asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyefika makaburini. Clémence aliwakuta wote mtaa wa Nguba kwa Aloys, mwenye phonie, ile redio ya kuongea na Shabunda, kwenye machimbo. Walikuwa vikaratasi, wamechomekwa kwenye msumari wa vifo, maana kwa Aloys kifo kilitangulia habari nyingine zote. Pembeni palikuwa na msumari wa habari za kawaida. Kila karatasi ilipoingia au kutoka, Aloys alifuta ubao wa hesabu ukutani na kuandika upya: VIFO 17. KAWAIDA 0.

"Mama yangu mukubwa amekufa!" alilia Constantin, mwuza sukari.

"Ule wa juzi? Papa Constantin, ule mama anakufaka kila mara sukari inaisha Shabunda. Mumupumzishe."

Clémence alikuwa na kifo cha kweli. Baba yake, muzee Firmin, alifariki alfajiri, na maziko yalikuwa kesho saa tisa. Kaka yake Venant, mchimba dhahabu huko Shabunda, alipaswa kupanda ndege ya kesho asubuhi.

"Na wewe haulie?" Aloys akauliza.

"Nililia kwa nyumba. Hapa nimekuja kutuma."

"Basi, uko wa kumi na nane. Batri itakufa saa sita, tukifika kama kwa wa kumi na mbili hivi."

Clémence akautazama ubao. "Na ile zéro?"

"Kisha ya kupitisha vifo tatu, napitisha moja ya kawaida, wazima nao wasikike. Lakini tangu asubuhi sijaona muzima."

Clémence akageuza karatasi yake, akaandika: *Venant, papa anakuita. Panda ndege ya kesho.* "Weka kwa kawaida."

Aloys akamtazama, akafuta ubao: KAWAIDA 1.

Vifo vitatu vikapita, kisha zamu yake ikafika.

"Muzima anapita mbele ya maiti?" Constantin akang'aka.

"Maiti haina haraka, papa."

Aloys akaisoma karatasi redioni. Saa hiyo wachimbaji wa Shabunda hukaa karibu na redio, wakisubiri majina yao. Sauti ya Venant ikaja katikati ya mikwaruzo.

"Papa? Ananiita miye? Hajaniita tangu niuze kinga yake, ile baiskeli ya kwenda misa. Clémence, alikufa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Nakuja. Musimuzike mbele ya miye kufika. Atafurahi kuona sikuja."

Hapo ndipo Clémence alipolia, na Aloys akafuta ubao, akaandika: KAWAIDA 0.