Noti Zilizopita Chini ya Sindano

Usigeuze uso. Umeshaanza. Umesikia habari ni ya mwanamke aliyeshona pesa kwenye nguo akavuka nazo mpaka, na tayari kicheko kidogo kimekaa pembeni ya mdomo wako: masikini, ushamba huo. Umemaliza kesi. Umemhukumu, umemhurumia, umenawa mikono, yote kabla chai yako haijapoa. Ndivyo unavyofanya siku zote. Mtu akianguka unatafuta kwanza kosa lake, na ukishalipata unashusha pumzi, kwa sababu mwenye kosa hakudai kitu.

Basi kaa hapo usikilize mpaka mwisho.

Walimwita Bi Pindo, kwa kuwa pindo la nguo aliyoishona halikuonekana lilipoanzia wala lilipoishia. Duka lake lilikuwa chumba kimoja: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, na kioo kirefu alichokiegemeza ukutani kwa namna ya kuwapunguza wanene, nao walimpenda kwa hilo. Mumewe alikuwa seremala, na karakana yake ilipakana na duka hilo. Kilichowatenga ni ukuta wa mbao tu. Miaka yote ya ndoa yao waligombana na kupatana kupitia ukuta huo.

"Bi Pindo! Njaa inaniua huku!"

"Tafuna randa!"

Wateja walikuwa wanacheka mpaka pini zinawachoma.

Kisha seremala akaanza kukatisha maneno katikati ya sentensi ili avute pumzi. Msumeno ukawa unasimama ubaoni. Miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia, na usiku akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Daktari akawaambia kuna mlango ndani ya moyo wake haufungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka. Hapa nchini hawaubadilishi. Iko hospitali nje ya nchi inayoweza, waende mapema.

"Maisha yangu yote natundika milango ya watu," seremala akasema walipotoka, "kumbe wangu ndio umelegea."

Bi Pindo alicheka, halafu akashika ukuta.

Wakauza mashine za karakana na kiwanja. Ndugu wakachanga, na walioshindwa kuchanga wakaja na maneno. Pesa ikatosha, tena kwa shida. Likabaki swali moja: wataibebaje?

Shemeji yake, mdogo wa seremala, alikuwa karani wa bohari na mtu wa kalamu mfukoni. Akaja jioni na hoja zake.

"Shemeji, siku hizi watu wanasafiri na kadi tu. Unafika kule, unaichomeka ukutani, pesa inatoka."

"Na ukuta ukiimeza, nimlilie nani? Ukuta?"

"Basi itumwe moja kwa moja, benki kwa benki, mpaka akaunti ya hospitali."

"Nimekwenda kuuliza. Wanakata huku, wanakata kule, na katikati kuna mwingine hata hawamjui anakata na yeye. Wakishamaliza kukata, kaka yako atafanyiwa nusu mlango."

Shemeji akatazama chini. Alijua lililokuwa nyuma ya maneno hayo, na wewe inafaa ulijue, maana ndiyo sababu kicheko chako hakina haki. Mama yake Bi Pindo alikuwa dobi. Mikono yake ilikuwa imechunika kwa sabuni ya watu. Akiba yote aliiweka benki, kwa sababu walipita watu wenye tai wakihubiri kwamba pesa ya chini ya godoro ni ujinga. Asubuhi moja akakuta lango la benki lina mnyororo. Walisimama pale wanawake na wanaume, wameshika vitabu vyao vya akiba. Aliyetoka kuzungumza nao ni askari wa zamu peke yake. Meneja hakutoka. Hakuna aliyefungwa. Waliofunga lango lile wengine wana maghorofa mpaka leo, unapita chini yake ukienda kazini. Binti yake dobi alikuwa amemshika mama mkono siku hiyo. Unataka aamini ukuta?

Akachagua kubeba taslimu, kwenye nguo.

Alikwenda kubadilisha pesa kwenye duka la katikati ya mji, lenye kioo kinene na kitundu cha kusemea. Kijana wa dirishani alimhesabia dola mpyampya, zimenyooka kama zimepigwa pasi.

"Mama, unazibeba vipi nyingi hivi?"

"Nazishonea mwilini, mwanangu. Mwizi atakayezifikia itabidi anioe kwanza."

Kijana akacheka kwa sauti. "Fundi ni fundi!" Kisha akaita, "Anayefuata!"

Hilo tu. Yule alijua. Kazi yake ilikuwa kuinua noti kwenye mwanga siku nzima na kuzikataa zenye mchubuko. Mdomo wake ulikuwa kwenye kitundu cha kusemea, na neno lenyewe lilikuwa fupi: usizitoboe. Akacheka, akamwita anayefuata.

Fundi yeyote wa koti atakwambia: kitu ulichokitia ndani ya bitana bila kukishona kitahama. Pamba huhama, turubai ya kukazia kifua huhama, mwisho nguo inakuwa na nundu. Bi Pindo hakuwa mtu wa kuacha nundu. Alikata kizibao cha kuvaa ndani, tabaka mbili za kitambaa kigumu, akapanga noti katikati kama vigae, moja baada ya nyingine, kisha akazipitisha chini ya sindano. Mishono minyoofu, ya karibukaribu, kutoka kwapani mpaka kiunoni. Cherehani ilikuwa inalia vizuri. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuna mteja ambaye angeiona.

Alipokivaa, seremala alimzunguka akikagua.

"Leo nimeoa benki."

"Usinikumbatie basi, utanikunja."

Akamkumbatia.

Safari ilikwenda salama. Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege walimnyang'anya mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, akawapa, akashukuru ni huo tu walioutaka. Walifikia chumba cha kupanga nyuma ya hospitali, kitanda, kiti, na mlango uliokuwa unakwaruza sakafu. Seremala aliutazama kwa chuki.

"Aliyetundika huu alikuwa na haraka ya kwenda kula."

Ijumaa asubuhi daktari wa kule alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu, akazungumza na mkalimani, na mkalimani akasema: alazwe leo, leo hii, mapafu yana maji. Lipeni pale. Mtu wa malipo akaandika kiasi, akaongeza chini yake maneno ambayo mkalimani aliwasomea: pesa ya nchi hii, kamili. Akaonyesha nje ya geti, lilipo duka la kubadilisha.

Bi Pindo alimketisha mumewe kwenye kiti cha mapokezi, akaingia chooni, akavua kizibao. Mkasi haukuwepo. Akafumua kwa meno. Alikata uzi mmoja mmoja, akizivuta noti taratibu asizichane, mpaka midomo ikapata mikwaruzo. Alitoka ameshika bulungutu kifuani, na moyo umetulia. Wamefika. Bado ni mlango mmoja tu.

Kwenye lile duka la nje ya geti, mwanamume wa dirishani alichukua noti ya juu, akaiinua kwenye taa. Mwanga ukapita kwenye matundu, mstari mzima, kama njia ya sisimizi. Akachukua ya pili, halafu ya tatu. Akazisukuma zote zikarudi.

Bi Pindo hakuelewa. Akazirudisha. Naye akazisukuma tena, akitikisa kichwa, akichomachoma kidole hewani: tundu, tundu, tundu.

Nyuma yake kulikuwa na foleni. Katika foleni hiyo mwanamke mwenye miwani ya jua juu ya nywele alikuwa anaongea na simu, na aliongea Kiswahili. Ungemwona Bi Pindo alivyogeuka! Kama mtu aliyeitwa na mama yake.

"Dada! Dada yangu, samahani. Anasema nini huyu? Mgonjwa wangu yuko pale ndani, anatakiwa kulazwa sasa hivi."

Mwanamke akashusha simu kidogo, akatazama noti. "Zimetobolewa, mama. Hawachukui zenye matundu."

"Ni cherehani tu. Pesa yenyewe ni nzima! Tazama, hakuna iliyochanika."

"Najua. Ndivyo walivyo. Pole, eh?" Akampita, akafika dirishani, akabadilisha zake.

Wengine katika foleni ile walitazama viatu vyao.

Alikwenda duka la pili, na la tatu, akirudi kila mara mapokezi kumtazama mumewe. Kila dirisha liliinua noti, kila dirisha lilizisukuma. Akampigia shemeji. Shemeji alikimbia kutoka bohari bila kuaga, akakopa, akagonga milango ya watu, lakini wakala wa kutuma pesa alikuwa ameshafunga hesabu. Jumatatu, akamwambia. Bi Pindo akarudi kwa wa malipo, akazimwaga zote mezani, akavua pete na hereni akaziweka juu.

"Chukua. Mlazeni, mimi nibaki hapa kama rehani."

Mkalimani alitafsiri akitazama pembeni. Jibu lilikuwa neno moja: kamili. Wakampa seremala dawa za kupunguza maji, wakasema arudi mapema Jumatatu, akiwa na malipo.

Jumamosi mtu wa mtaani alizikubali noti kwa chini ya nusu ya thamani. Bi Pindo alitaka kumpa. Seremala akamkatalia, kwa pumzi fupifupi.

"Nusu hiyo itanilaza? Haitanilaza. Watakula na hiyo… halafu wewe urudi nyumbani na nini?"

"Nirudi na wewe."

"Haya. Basi tulia."

"Mimi ndiye niliyezitoboa, Mzee."

"Ulizishona vizuri," akasema. "Hakuna hata moja iliyohama."

Jumapili asubuhi alikuwa ameegemea mito, anautazama ule mlango unaokwaruza. Alisema akipata nguvu atauteremsha, aupige randa chini kidogo, ni kazi ya dakika chache. Bi Pindo alikuwa anakamua kitambaa cha maji kwenye beseni. Alisikia pumzi ikivutwa, akasubiri itoke. Akageuka na kitambaa mkononi, kinadondosha maji sakafuni, akaendelea kusubiri.

Jumatatu pesa ya shemeji iliingia. Ilitumika kununua sanduku.

Alikuwa kwenye korido ya hospitali, akingoja kutia saini ya kuchukua maiti, alipomwona yule mwanamke wa miwani. Naye alikuwa na mgonjwa, mama yake, ghorofa ya juu, anaendelea vizuri. Akamtambua Bi Pindo.

"Ah, mama! Mlifanikiwa?"

"Amefariki."

"Jamani! Pole sana. Kumbe hukwenda ile benki ya nyuma ya soko? Wale wanazichukua zenye matundu, wanakata kidogo tu. Na Jumamosi wanafungua."

Bi Pindo alimtazama. "Ulijua siku ile?"

"Si kila mtu hapa anajua…"

"Pale dirishani, ulijua?"

"Hukuniuliza, mama," akasema mwanamke, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli. "Ungeniuliza ningekwambia."

Bi Pindo hakumpiga, wala hakupiga kelele. Aliketi sakafuni, pale pale koridoni, na watu wakamzunguka wakipita, kila mmoja kwa adabu, wakiinua mapindo ya nguo zao yasimguse.

Sasa anazo zile noti. Alikwenda benki ile siku hiyo hiyo akabadilisha nyingi, kwa nauli na gharama za kurudi, lakini chache alizibakiza. Cherehani haifanyi kazi. Kila siku ya kazi asubuhi anasimama nje ya ofisi ya pasipoti, kwenye foleni ya wanaosafiri na wagonjwa wao, anainua noti juani, anawaambia: usishone, usikunje, usiandike juu yake, na kabla hujaondoka uliza huko uendako nani anapokea iliyoharibika. Sauti imekauka. Wengine wanadhani anauza kitu, wengine wanadhani amerukwa na akili. Askari wa geti ameshamwondoa kwa mkono mara nyingi, na juzi alimwangusha. Waliokuwa foleni wote waliona.

Ni mwanamke mmoja mwenye koo moja, na maduka ya kubadilisha pesa yako mji mzima, na hakuna hata moja lililobandika karatasi kwenye kioo. Karatasi moja! Wino wake ni bei gani?

Inuka basi. Usiseme kesho. Nenda duka la pesa lililo karibu nawe kabla halijafunga, simama dirishani, waambie waandike kwa Kiswahili kinachosomeka noti zipi zitakataliwa nje, na wabandike ukiwa umesimama hapo hapo. Wakikwambia hiyo ni kazi ya makao makuu, usitoke. Wakimwita anayefuata, mgeukie huyo anayefuata umweleze, naye asitoke. Chai iache. Vaa viatu.