Kilomita Zilizobaki

Tiketi ya Dolphine ilisema: kutoka Nairobi saa tano na dakika ishirini na tano usiku, kufika New York saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi. Dorcus, mama yake, alihesabu kwa vidole. Safari ya saa saba. Akamwahidi Mungu kwamba chai haitagusa midomo yake mpaka mtoto akanyage ardhi na kumtumia ujumbe.

Kufika saa tatu asubuhi, hakukuwa na ujumbe. Jirani yake, Chepchirchir, akaja kuuliza habari. Akaambiwa hakuna. Alirudi kwake, akaleta sukari kilo mbili.

Dorcus alipoiona ile sukari, moyo ulimshuka. Hapo kwao Mogogosiek sukari kilo mbili haibebwi bure. Inapelekwa kwenye matanga. Yeye mwenyewe aliipokea nyingi mwaka aliomzika Kepher, mume wake.

Saa tano, akina mama wa kanisa walikuwa sita sebuleni. Janefer akaanzisha wimbo, ule wa kuvuka ng'ambo.

"Janefer, nyamaza. Hakuna maiti hapa."

"Tunaomba tu, Mama Dolphine."

"Basi ombeni bila kulia."

Nicholas, karani wa kituo cha kupimia majani chai, naye akapita, kofia mkononi. Kumwona tu, Dorcus akakumbuka kitu. Miaka tisa alikuwa kwenye kamati ya kituo hicho. Lori la kiwanda likichelewa, wachumaji hupiga kelele kwamba limepinduka, na majani yanaanza kupata moto kwenye magunia. Yeye hakuwahi kupiga kelele.

"Nicholas, lori likichelewa mimi nakuulizanga nini?"

"Limebakisha kilomita ngapi."

"Basi niangalilie kwa simu yako. Nairobi na New York."

Nicholas akabonyeza. "Elfu kumi na moja na mia nane hivi. Bahari nzima iko hapo katikati, Mama."

"Na ndege inakimbia kilomita ngapi?"

"Kama mia nane kwa saa."

Dorcus alichukua bahasha ya sadaka, akaigeuza, akagawanya kwa penseli vile alivyofundishwa darasa la saba. Kumi na nne na robo tatu. Akarudia. Ikatoka ileile.

"Saa saba haziwezi kumaliza hizi kilomita," alisema, "hata rubani awe na wazimu."

"Na tiketi je?" Chepchirchir akauliza.

Nicholas alijipiga paji la uso. "Ai, mama zangu! Hiyo saa kumi na mbili ni ya kwao. Saa hii kwao bado giza, hata jogoo hajawika."

Dorcus aliketi. Kifua kilifunguka.

"Kumbe mtoto hajachelewa," alisema. "Ni sisi tumetangulia."

Hakuna aliyeondoka. Walikaa wakimenya viazi, na Janefer akaimba wimbo mwingine, wa makofi. Saa nane na dakika arobaini simu ikatetemeka mezani.

*Mama nimeshuka salama. Baridi ya huku inashinda ya Kericho.*

Dorcus aliusoma mara mbili kwa sauti, akafunga macho, akasema, "Asante Baba."

"Sasa nirudishie sukari yangu," Chepchirchir akasema.

"Hiyo haitoki hapa. Injika sufuria ya chai."

Siku hiyo Dorcus alitia vijiko vinne.