Ukingo wa Kaunta ya Ma Celina

Jiwe lenyewe lilitoka Nyanga, kwenye mwamba ulio nyuma ya mji wa Bukoba, na nililikata mimi. Juu lilikuwa na rangi ya senene, wale panzi wa kwetu, waliokaangwa vizuri, hudhurungi yenye wekundu kidogo, maana jua na mvua vilikuwa vimelipika tangu enzi ambazo hakuna anayezijua. Nikalisugua kwa mchanga na maji mpaka mkono ukawa unateleza. Lori likalifikisha Muleba salama, tukaliweka juu ya ukuta mfupi wa matofali, likawa kaunta. Lakini jiwe la aina ile ukilikata, ndani ni jeupe. Ukingo wote wa mbele, pale anapoegemea mteja, ulikuwa kama muhogo uliomenywa.

Mwenye kaunta alikuwa Ma Celina, mjane wa Lameki. Alikuwa anafungua hoteli ya chai na maandazi pale yanaposimama malori ya Biharamulo. Mwaka ule kahawa ilikuwa na bei, Waingereza walikuwa bado hawajafikiria kuondoka, na Wahindi wa Bukoba walikuwa na maduka yenye kaunta za mawe. Ma Celina alisema chai ya Mhaya nayo inastahili kuwekwa juu ya jiwe.

Zahoro, fundi cherehani wa baraza ya jirani, alikuja kutazama, futi yake ikining'inia shingoni.

"Ma Celina," akasema, "jiwe lako zuri. Ila shimizi inaonekana."

Watu wakacheka. Ma Celina hakucheka.

"Nitalishonea pindo," akasema.

Mimi nilikuwa nimetoka Jinja, kwenye lile bwawa la umeme, na huko ndiko nilikojifunza kukata jiwe. Kulipaka rangi sikujifunza. Nikamwambia hivyo waziwazi.

"Basi tutajifunza wote, fundi," akasema.

Tukaanza na udongo mwekundu, ule wa kupakia kuta. Tukauponda, tukauchekecha kwa kitambaa, tukauchanganya na samli, tukaupaka ukingoni. Ukang'aa. Kwa macho, jiwe likawa kitu kimoja juu na mbele. Jumamosi akafungua. Wanaume wakaja na kanzu zao nyeupe na makoti juu yake, kama ilivyokuwa desturi ya mtu anayejiheshimu, wakaegemeza matumbo kwenye kaunta na kunywa chai mpaka birika likalia tupu. Kumbe lile joto la birika na la matumbo likawa linayeyusha samli polepole. Kila mtu akarudi kwake na mstari mwekundu umekata tumbo katikati, naye hana habari.

Kesho yake akaja Alistidia, mke wa Kagaruki, kanzu ikiwa mkononi na mwenyewe Kagaruki akimfuata nyuma.

"Ma Celina! Huyu bwana aliniambia alikuwa kwa mkungu, mkuu wetu wa kijiji, kwenye kesi ya mipaka. Sasa niambie, siku hizi kwa mkungu wanawafunga watu mikanda myekundu?"

"Alistidia, mke wangu, watu wanasikia," Kagaruki akasema.

"Wasikie! Na wao wana mistari yao nyumbani."

Na kweli walikuwa nayo. Nusu ya waume wa Muleba, Jumamosi ile, walikuwa wamesema wako mahali pengine. Toka siku hiyo waliokuja walisimama hatua moja nyuma, kikombe kimeinuliwa kifuani, kanzu imeshikwa kwa mkono wa pili. Halafu hata hao wakaacha. Wakawa wanapita upande wa pili wa barabara na kusalimia kwa mbali.

Hapo ndipo alipokuja Rwegasira. Huyu alikuwa kaka wa marehemu Lameki na mkubwa wa ukoo. Nyumba alijenga Lameki, lakini uwanja ulikuwa wa ukoo, na neno la ukoo lilikuwa mdomoni mwa Rwegasira. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kahawa.

"Shemeji," akasema, "chumba cha barabarani kisicho na mtu ni hasara. Siku wanunuzi wa kahawa wakifungua mizani, kama hapa bado pako hivi, naweka magunia humu. Wewe utahamia nyuma, ulime kibanja cha migomba kama wenzako."

"Na pakijaa watu?"

"Pakijaa, mimi ni nani nifukuze watu? Lakini patajaa nini, shemeji? Nzi?"

Alipoondoka, Ma Celina alikitupia begani kitambaa cha kufutia. Kisha akaniuliza:

"Fundi, kitu gani hakitoki kwenye nguo?"

"Damu."

"Damu ukiiwahi kwa maji baridi inatoka. Utomvu wa mgomba hautoki. Nguo ya shambani kila mtu anayo. Umewahi kuona imefuliwa ikatakata?"

Sikuwa nimeona. Samli ilikuwa imeshaingia ndani ya jiwe, kwa hiyo nikaurudisha nyuma ukingo wote kwa patasi mpaka weupe ukatoka tena. Yeye akaingia kibanjani na panga, akakata migomba iliyokwisha kuzaa, akakinga utomvu kwenye kibuyu. Tukapaka. Sasa utomvu mbichi ni kama maji tu. Tulipaka, hatukuona kitu. Tukapaka tena, hatukuona kitu. Hakuna Mhaya asiyejua kwamba doa la mgomba huliona siku ya kufua, siyo siku ya kuchafuka, na sisi tulilijua hilo tangu tunatambaa. Lakini haraka ilitupofusha. Tulipaka mpaka kibuyu kikaisha.

Asubuhi ukingo ulikuwa mweusi kama kitako cha chungu.

Zahoro alikuja, akautazama, akavua kofia.

"Sasa shimizi ni ya msiba," akasema. "Poleni sana."

Nikamwambia Ma Celina tuachane na mambo ya migomba, niende Bukoba nikanunue rangi ya mafuta dukani.

"Kaunta hii nitaifuta kwa maji ya moto kila siku," akasema. "Rangi ya mafuta itabanduka, itaingia kwenye chai ya watu. Kata."

"Ma, nikikata tena kaunta itakuwa nyembamba. Tukikosea na hii, tutabaki na benchi."

"Nitauza benchi. Kata, fundi."

Nikakata. Safari hii hakuniruhusu kugusa ukingo. Alikusanya vipande vilivyodondoka kutoka kwenye patasi, akavipanga dirishani, kila kimoja na utomvu wake: wa ndizi za kupika, wa ndizi za pombe, mzito, uliotiwa maji. Akasubiri. Mimi kusubiri kunaniuma mwilini, nikawa nazunguka nyumba kama mbwa asiye na mwenyewe. Nikiona kipande kimefanana na juu ya kaunta nasema hiki hapa, tumepata. Yeye anakichukua, anakimwagia maji, anaimwagia na kaunta, anaviweka pamoja, anatikisa kichwa. Jiwe likilowa hubadilika sura, na vipande vingi vilivyofanana vikiwa vikavu viliachana vikiwa na maji.

"Wewe unatazama jiwe kavu," aliniambia. "Kaunta ya chai inakauka lini?"

Kilichokubali kikiwa kikavu na kikiwa kimelowa kilikuwa cha utomvu wa ndizi za pombe, uliotiwa maji nusu kwa nusu, ukapakwa mara mbili na kulazwa usiku mzima katikati. Basi akapaka ukingo hivyohivyo, mara mbili, akanawa mikono, akaacha. Kahawa ilikuwa imeanza kuanikwa kwenye mikeka, harufu yake imejaa njia yote. Siku anapaka mara ya pili, Rwegasira aliingia na kamba kupima chumba, ajue kitameza magunia mangapi.

"Sogea, shemeji," Ma Celina akamwambia bila kugeuka. "Unanizibia mwanga."

Akasogea.

Rangi ilipotulia ikabaki kuifungia ndani. Tulipata nta ya nyuki, na Zahoro akatuazima pasi yake ya mkaa, ingawa kwa manung'uniko.

"Pasi hii imenyoosha kanzu za Idi na suruali za makarani," alisema. "Leo inanyoosha mwamba."

Tuliweka kitambaa juu ya nta, tukapitisha pasi taratibu, jiwe likanywa. Likanywa tena. Lilipokataa, tukafuta iliyobaki kwa gunia kavu. Nikasimama mlangoni, nikaangalia. Mimi niliyelikata mwenyewe sikuona tena mahali patasi ilipopita.

Lakini hakuja mtu. Jiwe lilikuwa limepona, jina lake lilikuwa bado linaumwa. Ma Celina aliwaita wapita njia, wakamjibu wamekwisha kunywa kwao.

Mizani ilikuwa ifunguliwe Jumatatu. Jumapili, watu wakitoka kanisani wamejaa barabarani, Ma Celina alitoka chumba cha nyuma amevaa gauni lake la harusi. Jeupe, refu, limembana mikononi kwa sababu miaka ilikuwa imepita. Cherehani ya Zahoro ikanyamaza.

"Ma Celina, unaolewa?"

"Na kaunta. Fundi, lete birika."

Watu wakasimama. Wengine wakavuka barabara. Rwegasira alikuwemo, Biblia kwapani.

"Shemeji! Gauni hilo alikununulia ndugu yangu!"

"Ndiyo maana silivai kwa mchezo."

Nikamwaga maji ya moto ukingoni, mvuke ukapanda. Ma Celina akaegemeza tumbo kwenye jiwe, akatembea kutoka mwisho mmoja mpaka mwisho wa pili, taratibu, akisukuma kama mtu anayesukuma mlango. Akarudi. Kisha akawageukia watu, mikono ameiweka nyuma.

"Zahoro. Wewe una macho ya sindano. Njoo utazame."

Zahoro akapiga magoti mbele yake, akainamisha uso hadi karibu na kitambaa. Akakivuta kwenye mwanga. Akakaa sana.

"Kuna maji," akasema.

"Na nini?"

"Na maji tu." Akainuka, akajifuta magoti. "Umenifilisi, Ma Celina. Nilikwisha agiza jora zima la kanzu mpya."

Kicheko kilianzia kwa wanawake. Alistidia akamshika mumewe mgongoni, akamsukuma.

"Nenda kaegemee."

"Sina kiu," Kagaruki akasema.

"Nani amekuambia unywe? Nimesema egemea, nikuone."

Akaegemea mbele ya kanisa zima. Mkewe akamgeuza, akamkagua juu mpaka chini, halafu akamwambia sasa unaweza kuagiza, na mimi uniagizie.

Jumatatu Rwegasira alikuja na wachukuzi wenye magunia vichwani. Hakuuona mlango, aliona migongo. Wanaume walikuwa wamejipanga kaunta nzima, madereva, wauza kahawa, wasio na shughuli. Akasimama na mwavuli wake, kisha wakampisha, maana ni mkubwa. Akaja mpaka hatua moja kutoka kwenye jiwe, akasimama hapo, kanzu ameikusanya mkononi kama mtu anayevuka maji.

Ma Celina akamimina chai. Kikombe akakiweka upande wake mwenyewe wa kaunta, pale ambapo mkono haufiki bila mwili kufuata.

"Egemea, shemeji," akasema.

Rwegasira akautazama ukingo. Akaachia kanzu, ikashuka. Akaegemea, akanyoosha mkono, akakipata kikombe.

Nje wachukuzi wakapaza sauti: magunia yawekwe wapi? Hakugeuka. Mdomo ukiwa kwenye chai, akawaonyesha kwa mwavuli upande wa pili wa barabara.