Vyombo vya Kumpokea Mtu wa Mkopo

Gongoni nzima hakuna mwanamke anayeyajua mambo ya benki kunishinda mimi. Nimekwenda benki mara mbili. Mara ya kwanza kuomba choo. Mara ya pili bawabu alinizuia mlangoni, sasa sijui kama nayo yahesabiwa.

Kwa hiyo niliposikia sako moja ya Malindi, chama cha akiba na mikopo, inawakopesha akina mama wenye vibanda, niliandikisha jina mbio mbio: Mama Kalume, mahamri na mbaazi, karibu na lango la kiwanda cha chumvi. Wapakiaji wakitoka juani saa saba hawataki chai yangu. Wanataka kitu baridi, nami sina friji, basi hunipita kama kaburi la mtu wasiyemjua. Mkopo niliuombea friji hiyo.

Nikaambiwa kuna kijana atakuja kukagua biashara. Kwetu mgeni akija sharti umpokee vizuri, na kama huna, jirani anacho. Nyevu, jirani wa mlango wa pili, akaleta viti sita na sufuria tatu. Bi Kuluthumu, aliyeletwa hapa na ndoa kutoka Lamu na hajachoka kutukumbusha, akaleta chupa nne za chai, sinia za shaba na meza ya kioo.

"Shoga, leo kibanda chako kitanuka pesa," akasema.

Kijana akafika kwa pikipiki. Jina lake Laban.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Chagua, viko vingi."

Akaketi, akatazama huku na huku, uso ukamshuka.

"Mama, mkopo huu ni wa biashara ndogo. Wewe umeshapita kiwango. Kibanda chenye meza ya kioo nitakiandikaje?"

Maskini mimi! Kumbe nimejipamba hadi nimejinyima. Nikawa natafuta la kumwambia, lakini kijana alikuwa ameshainua sufuria anaichungulia chini. Nanyi mwajua, vyombo vyetu huchanganyika harusini na matangani, kwa hiyo kila mwenye chake hukitia alama ya rangi. Sufuria ilikuwa na nukta nyekundu. Akapindua kiti, nukta nyekundu. Akapindua sinia, mstari wa kijani.

"Mama," akasema taratibu, "hapa pana chombo chenye alama yako wewe?"

"Karai lile. Halina alama. Nani ataliiba nalo limetoboka?"

Nikamweleza yote, hiki cha nani na kile cha nani. Alicheka mpaka kofia ya pikipiki ikamdondoka mapajani.

"Na walikupa vyote hivi kwa maandishi?"

"Maandishi ya nini? Nimepiga hodi tu."

Akaiokota kofia. "Mimi nina wateja wenye hati za mashamba, na hapana jirani anayeweza kuwaazima hata kijiko. Hawa wenzako wangekubali kukudhamini?"

Nyevu na Bi Kuluthumu walikuwa nyuma ya makuti wakisikiliza tangu pikipiki izimwe. Hawakungoja kuitwa.

"Twamdhamini!" akasema Nyevu, makuti yamemganda kichwani.

"Meza yangu yenyewe nimempa," akasema Bi Kuluthumu. "Mume wangu hata kuiegemea simruhusu."

"Vizuri sana," akasema Laban. "Basi mkopo utapatikana. Ila dhamana tunaichukua kwa kikundi. Kama mna chama chenu, naipeleka fomu leo hii. Kama hamna, mtajiandikisha kwanza, mngoje mwezi mmoja."

Mwezi! Na joto hili la wapakiaji kupita ulimi nje!

"Chama tunacho," nikasema. "Huu mwaka wa tatu. Twakutana kila Ijumaa."

"Kabisa," akasema Nyevu. "Hata jana tulikutana."

Jana ilikuwa Jumanne. Bi Kuluthumu ni mcha Mungu, hakuapa. Alikohoa tu, kikohozi cha kukubali.

Laban akatoa fomu na kalamu. "Mwenyekiti ni nani?"

"Mimi," akasema Nyevu.

"Mimi," akasema Bi Kuluthumu, papo hapo.

Wakageukiana. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, na Laban naye. Akairudisha ile fomu mkobani, akatoa nyingine, mpya, ya kuandikisha chama.

"Mwezi mmoja si mwingi, mama," akasema, huku akijikaza asicheke. "Na leo ni Jumatano."