Kivuli cha Ghorofa ya Nane

Saa tisa alasiri Mektilda alikuwa akichambua mchele sebuleni, ghorofa ya nane, mtaa wa Kambarage mjini Shinyanga, marehemu mumewe, Maganga, alipofika na kusimama nje ya dirisha. Alisimama hewani, mahali ambapo mchoraji mwingine wa ramani angeweka kibaraza. Alivaa lile shati la mistari walilolizika badala yake, kwa kuwa duara, shimo la dhahabu lililomfukia kule Geita, halikurudisha mtu. Kivuli chake kiliangukia kitanda cha Bibi Esta, mama yake Mektilda, na chumba kikapoa.

"Mkwe amefika," alisema Bibi Esta, akajifunika khanga usoni kwa adabu.

Ramani ya jengo lile haikuwa na kosa lolote, isipokuwa anwani. Ilichorwa kwa ajili ya nchi yenye theluji. Vioo vipana vilielekezwa kwenye jua la alasiri na kufungwa visifunguke kamwe. Kuta nene zililimeza joto mchana kutwa, zikalitoa taratibu usiku. Huko ilikotoka, watu walishinda bila kuwasha moto na mchoraji akapewa tuzo. Shinyanga ilipewa fadhila zilezile. Feni ya Mektilda ilifanya kazi moja tu, kulihamisha joto kutoka kona hii kwenda ile. Bibi Esta, aliyelazwa na kiharusi, alikuwa amezimia mara mbili kabla Maganga hajaanza kuja.

Maganga aliwapa mgongo. Hakuwa na kinyongo. Mkwe aliyelelewa Kisukuma hamkodolei macho mama mkwe wake, wala haingii anapolala, na kufa hakumwondolei mtu malezi. Ila Mektilda hakumwona mumewe akifa, wala hakumwona jenezani, na sasa alionyeshwa kisogo kila siku hadi jua linazama.

Majirani walizoea upesi.

"Mama Juliana," Zipora wa ghorofa ya saba alimwita Mektilda siku moja kutoka ngazini, "mwambie shemeji asogee kushoto kidogo! Kivuli chake kinapoza jiko langu, na mimi mwenyewe niko sebuleni naiva."

Wiki ya tatu mistari ya shati ilianza kupauka. Wiki ya tano Mektilda aliliona jua kupitia bega la mumewe. Akaenda kumwita mhandisi wa jengo.

Mhandisi Davis alikuja na kipimajoto, akakiweka juu ya mto wa Bibi Esta, akasubiri kwa heshima zote.

"Nyuzi ishirini na nne," alisema. "Mama, hapa kuna hewa nzuri kuliko ofisini kwangu."

"Hiyo si hewa, baba. Ni mume wangu."

Davis alichungulia. "Shikamoo, mzee," alisema. Maganga hakugeuka.

"Tunaomba kibaraza," Mektilda alisema. "Hata bati moja tu juu ya dirisha. Anaisha."

"Nakuelewa kabisa, mama. Lakini vipimo haviko upande wako."

Akaandika kwamba jengo linajipoza lenyewe bila umeme, na kwamba jengo lijalo, la Masumbwe, lijengwe kwa ramani hiyohiyo, ila vioo viongezwe. Wiki hiyohiyo msingi wa Masumbwe ukachimbwa.

Bibi Esta alikuwa amesikia yote chini ya khanga.

"Nitoe koridoni," alimwambia binti yake.

"Koridoni ni tanuri, mama. Utazimia."

"Nitazimia kidogo. Wewe umengoja miaka miwili. Nitoe, mwone mumeo."

Mektilda alikikokota kitanda hadi nje na kumwachia Zipora kazi ya kupepea. Akarudi, akafunga mlango, akasogea kiooni.

"Baba Juliana," alisema. "Mama ametoka."

Maganga aligeuka polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Uso haukuwepo. Jua lilikuwa limeanza kumla upande ule aliolitazamia, na sasa pale palikuwa peupe, kama picha ya mgombea iliyobaki ukutani tangu uchaguzi uliopita. Mektilda aliyatafuta macho pale yalipokuwa. Akaitafuta midomo. Jua la saa kumi lilipenya katikati ya kile kilichobaki na kumwangukia yeye kifuani.

Alikuwa amejiandalia mambo mengi ya kusema.

"Juliana amefaulu," alisema.

Maganga aliitikia kwa kichwa.

"Ana meno yako. Yale ya mbele. Nilisahau yalikaaje, nikawa namwangalia yeye ili..."

"Mama Juliana!" Zipora alipiga kelele koridoni. "Bibi anahema vibaya!"

Mektilda aliweka kiganja chake juu ya kioo. Kioo kilimuunguza, akauacha mkono hapohapo kidogo.

"Geuka," alimwambia.

Maganga akageuka, akalikabili jua. Kitanda kikarudishwa chini ya dirisha, Bibi Esta akafunikwa khanga usoni, na chumba kikapoa, ingawa si kama jana.