Mkanda wa Mwisho wa Kitambaa cha Baba

Kaka yangu Senyo alivunjika mkono kwa pikipiki ya kuazima, na kitambaa alichokuwa akikifuma cha kumkumbuka marehemu baba kilikuwa bado nusu. Nikasema nitakimaliza mimi. Baba mdogo Kwadzo alikubali shingo upande.

"Mikanda isipolingana, Akpene, unashuka kwenye mtambo wa kufumia, unarudi kukunja nyuzi na wanawake wenzako. Na hupandi tena."

Hapa Kpetoe tunafuma mikanda myembamba, kisha inashonwa ubavu kwa ubavu, maua ya huu yakutane na ya ule. Mkanda wangu wa kwanza nilihesabu maua sawasawa na ya Senyo. Ukatoka mfupi kwa kiganja kizima.

Senyo alikuwa akilishwa ugali wa akple na mama kama mtoto mchanga. Akacheka mpaka akapaliwa.

"Unapiga kitana cha kubania nyuzi kama unampiga mwizi. Tuliza mkono, dada."

Nikautuliza. Kitambaa kikalegea, ungeweza kuchungia unga. Niliumia, sikufichi. Lakini mkono wa mtu ni kama mwendo wake: utamwigiza hatua mbili tatu, si safari nzima.

Basi nikaikunja mikanda yote ya Senyo, nikaiweka kando.

"We, unafanya nini?" Senyo akauliza.

"Naanza upya. Kitambaa chote."

"Zimebaki wiki chache. Utakufa."

"Nikifa, mtatufanyia ukumbusho mmoja na baba. Mtapunguza gharama."

Nikafuma. Vidole vilitoka malengelenge, vikapasuka, nikavifunga vitambaa nikaendelea. Ulipobaki mkanda mmoja, Senyo alikuwa ameshatolewa plasta, na aibu ilikuwa imemshika. Akaniomba afume huo wa mwisho, naye awe na sehemu yake kwa baba. Nikampisha.

Siku ya kushona tuliitandaza yote kwenye mkeka. Baba mdogo akainama, akaipitia polepole, akafika wa pembeni. Ulikuwa umezidi mingine kwa urefu, maua yamepishana.

"Si nilisema?" akaguna. "Mmoja tu, lakini umeharibu kazi yote. Ndiyo mikono ya kike hiyo. Shuka mtamboni."

Nikamtazama kaka yangu. Senyo alikuna shingo, akatazama chini.

"Huo ni wangu, baba mdogo. Hiyo mingine yote ni yake."

Baba mdogo alibaki ameinama vilevile. Mimi sikungoja ruhusa yake. Niliutoa ule mkanda kwenye mkeka, nikaenda kukaa mtamboni.

"Senyo," nikasema, "niletee nyuzi."

Akaenda kuzikunja.